Chatu amegoma kula

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii.

Nimetoka kwa daktari wa mifugo na yule chatu wangu, si unajua amegoma kula tangu mdogo wangu ahame. Nilimbeba kwenye foronya. Watu walipoona inafurukuta wakahama, nikabaki na benchi zima peke yangu.

Daktari kampima, kasema ni mzima kabisa. Akaniuliza, "Ukimwekea panya, wewe unakuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli. Tangu nibaki peke yangu, navuta kiti mbele ya kioo cha tangi lake na sahani yangu, tunakula wote, nampigia stori za kazini.

Hata hakucheka. Hiyo ndiyo imeniuma. Akasema, "Dada, huyu hali akitazamwa. Funika kioo, utoke chumbani."

Utoke chumbani. Yaani tatizo ni mimi.

Basi nimefika, nimemwekea panya, nimefunika kioo kwa shuka, nikabeba sahani yangu nikasimama jikoni kama mgeni kwangu mwenyewe. Naja kuchungulia, panya hayupo. Kala, tena upesi.

Nilidhani nitafurahi. Chakula changu kimepoa, sijakigusa.

Wewe umeshakula?