Ritani ya Nyumba ya Duluth

Sioux Falls, 4 Oktoba 1988

Shangazi Solveig mpendwa,

Natumaini u mzima, na goti halikusumbui sana kwenye ngazi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umeniruka.

Jana kwenye kaunta ya ofisi yetu ya kodi mkulima mmoja aliniuliza: mtu anayeishi huku South Dakota, akiwa na nyumba ya kupangisha Minnesota, apeleke wapi hesabu zake za kodi? Nikamjibu kwa kujiamini, "Jimbo letu halitozi kodi ya mapato, mzee. Tangaza kwa serikali kuu tu, basi."

Mwenzangu Darlene akaangua kicheko. "Weee Marit! Kodi inafuata nyumba ilipo, haifuati kitanda cha mwenye nyumba!"

Nilishika meza. Nyumba aliyoniachia Baba, ambayo wewe unakaa chini na Bwana Niemi amepanga juu, iko huko Duluth, jimbo la Minnesota. Mwaka wa tatu sasa napokea pango, na jimbo lenu sijalipelekea hata karatasi moja.

Unajua kazi yangu ni kupokea kodi za watu. Kila mwisho wa Novemba sisi makarani tunatia saini tamko kwamba hatuna ritani, yaani fomu ya hesabu za kodi, tunayodaiwa popote. Mwaka jana nilitia saini. Karani aliyebainika kusaini uongo alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Tafadhali nitumie risiti za matengenezo ya paa na ya boila ya kupashia nyumba joto. Je, kuna barua yoyote iliyokuja kwa jina langu?

Mwanao,
Marit

Duluth, 10 Oktoba 1988

Marit mwanangu,

Nimepata barua yako. Goti lipo, linanung'unika kama mwenyewe. Theluji ya kwanza imeanguka.

Risiti hizi hapa. Bwana Niemi alinikuta nazipanga, nikamweleza. Akasema, "Mwambie asiogope jela. Huko chumba kina joto kuliko changu." Nikamwambia anyamaze, akaomba kahawa.

Sasa lililo gumu. Barua zipo, tatu, kutoka ofisi ya kodi ya jimbo. Ya kwanza ilifika Februari, wakati uliponiandikia kwamba tangu Baba yako afe hulali wala huli. Nikasema nisimwongezee mtoto mzigo. Ilipofika ya pili nikaona haya kwamba nilikuficha ya kwanza. Ya tatu nikaona haya kwa zote mbili. Sikuzifungua, barua ya mtu ni ya mtu. Nimezitia humu.

Unatujua sisi tulivyo. Tunaweza kuungua na nyumba kwa kuogopa kumwamsha jirani.

Nisamehe.

Shangazi yako,
Solveig

Sioux Falls, 17 Oktoba 1988

Shangazi,

Salamu. Natumaini hujambo.

Barua ya Februari ilinipa siku sitini za kujieleza. Siku sitini! Faini ingekuwa ndogo, na aibu isingekuwepo. Ulinionea huruma mpaka ukaniponza.

Nimejaza ritani za 1986 na 1987, nimezirudia mara nne, nimezituma leo pamoja na malipo yote. Kwa hiyo tamko la mwaka huu nitalisaini kwa haki. La mwaka jana nitalinyamazia. Hakuna anayejua ila Darlene, naye ameapa.

Marit

Duluth, 12 Novemba 1988

Marit mwanangu,

Hujambo? Unakula?

Karibu mwezi mzima nimekaa na barua yako. Kila nikishika kalamu, neno "ukaniponza" linanitazama. Ni kweli, nilikuponza, na sitaki kujitetea.

Ila sasa unanyamazia tamko la mwaka jana kama mimi nilivyonyamazia barua zile. Utaona haya ya kwanza, kisha haya ya haya. Mimi nimepita njia hiyo, haina kituo.

Kwetu mtu akikaribishwa kahawa hukataa mara mbili, hukubali ya tatu. Kwa kahawa ni adabu. Kwa kosa, mwanangu, usingoje kuulizwa hata mara moja.

Ukifukuzwa, njoo. Chumba cha nyuma ni chako, nyumba yenyewe ni yako.

Shangazi yako,
Solveig

Sioux Falls, 30 Novemba 1988

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu sana, na nakuomba radhi kwa barua yangu ya Oktoba. Niliandika kwa hofu.

Jana niliingia kwa mkuu wangu, Bwana Ostrander, na nakala za ritani. Akasoma kila ukurasa, akavua miwani.

"Umeshalipa. Tamko la kesho ni kweli. Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu la mwaka jana si kweli, bwana."

Akavaa miwani tena. Kisha akasema, "Yule niliyemfukuza, nilimgundua mimi. Wewe nisingekugundua."

Ameniandikia onyo kwenye faili. Mpaka Pasaka sitagusa malipo ya watu. Nimepelekwa stoo kupanga majalada na Darlene ananiita Bi Vumbi. Lakini kazi ninayo.

Leo nimesaini. Nilikwenda kusaini saa nne, maana usiku nililala kwa saa kumi na moja mfululizo na asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikachelewa kazini.

Mwanao,
Marit