Mikate ya Jumamosi

Mama Kemunto mpenzi,

Hamjambo hapo Birongo? Kifua cha Mama kimepoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya Uingereza inanitafuna masikio. Ningeandika kwa Ekegusii, lugha ya kwetu Kisii, lakini yako, binti wa Taita, bado inachechemea, na sitaki jirani akusomee barua yangu.

Uliuliza ninafanya nini hasa. Naandika maagizo ya kompyuta ya kiwanda cha mikate. Mashine haiyafuati maagizo kama nilivyoyaandika. Kwanza huyageuza kuwa lugha yake fupi, ikayaweka kando, na hayo yaliyogeuzwa ndiyo inayotumia. Kila Jumamosi huwaambia madereva wapeleke mikate wapi.

Jumamosi mimi sifanyi kazi, unajua. Basi Ijumaa nageuza yote mapema, kama wewe unavyopika chakula cha Sabato ukafunika sufuria. Jumamosi wenzangu hubonyeza tu. Lakini huku, majira haya, jua linazama saa kumi, na Sabato inaanza! Naondoka wenzangu wakiwa bado mezani, wananiona mtoro.

Jumamosi iliyopita msimamizi wangu alisikia maduka mawili yamefungwa. Akayaondoa kwenye maagizo kwa mkono wake, ila hakuyageuza maagizo upya. Mashine ikazidi kutumia yale yangu ya Ijumaa. Kila akijaribu, maduka ni yaleyale. Akaja mpaka mlangoni pa kanisa, kofia mkononi.

"Njoo, dakika kumi tu."

"Leo siwezi, bwana. Geuza upya, itakubali."

Ikakubali, magari yakachelewa. Moyo ulinisuta kutwa nzima: kule kumwelekeza ni kazi au si kazi? Muulize Mama.

Jumatatu akaniita. Nikae karibu na simu kila Jumamosi, ama niende zangu mwisho wa mwezi. Kazi hii ndiyo ingewaleta wewe na Kemunto huku. Nilimwambia hapana, kisha nikaenda chooni nikalia. Unaweza kunikasirikia, hata mimi najikasirikia kidogo.

Nisalimie Mama, kaka Mogaka mchuma chai, na dada yetu Kerubo, mwalimu wa shule ya Sironga. Kemunto mbusu.

Ndege yangu itatua Nairobi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, jioni. Nina hamu nawe hadi inauma. Mnitazamie Jumapili.

Mumeo,
Baba Kemunto