Maji Kwenye Moyo wa Khakasa

Kitale, Jumatano

Baba Khakasa,

Salamu kutoka wodi ya watoto. Simu zangu hushiki, basi barua hii nimempa Ladan anayekuja huko Suam kuchukua vitunguu. Kule nyumbani Kanduyi ndama ameanza kula nyasi, mama yako anamwangalia.

Leo asubuhi Khakasa alishindwa kupumua kabisa. Daktari akaja mbio na mashine kama ile niliyopimwa nayo nilipokuwa na mimba yake, akampaka jeli kifuani. Nikapiga kelele, wodi nzima ikageuka: "Hata nyinyi mnasema ati mtoto wa miaka kumi na miwili ana mimba?"

"Mama, si utazame kwanza," akaniambia.

Wabwile mume wangu, nilitazama. Kwenye skrini moyo wa mtoto wetu ulikuwa umezungukwa na maji meusi, umebanwa, hauna pa kupanukia. Daktari akaingiza sindano ndefu pale kifuani bila kubandua macho kwenye skrini, nami nikaiona ncha yake ikiyafikia maji bila kuugusa moyo. Maji yakavutwa, moyo ukafunguka. Wanashuku ni kifua kikuu. Maji hayo ndiyo yaliyomvimbisha hata miguu na tumbo.

Ni tumbo lile lile ulilosema ni mimba, ukamtupia nguo zake nje, ukaenda zako Suam.

Alipopata sauti hakuomba hata uji. Aliuliza, "Baba ameambiwa?"

Sasa umeambiwa.

Sellah