Poudre ya Monique

Trésor, mujukuu wangu,

Huku Likasi tuko wazima. Mudogo wa mama yako amezaa mutoto wa kike, na mahindi yetu ya Kapolowe yamekubali.

Unauliza kuhusu ile "sacrifice", kule kujitoa kwa ajili ya mwenzako, ya beziboli yenu. Kocha alikuambia uguse mpira taratibu, weye utolewe, mwenzako asogee mbele. Unasema haikupunguzii alama, na watu walikupigia makofi. Unashangaa makofi ya nini. Minye sishangai.

Miaka ile mishahara ya mugodi ilipokatika, tulihamia Kapolowe kulima. Alfajiri ya examen d'État, mutihani wetu wa kumaliza sekondari, minye na mudogo wangu Monique tulikuja Likasi kwa baiskeli, kila mutu na yake. Njiani gurudumu lake la nyuma likavunjika. Nikafungua langu, nikamufungia. Akalia.

Nikamuambia, "Weye enda. Minye nitakuya na miguu."

Nilipofika, baiskeli begani, mulango wa chumba cha mutihani ulikuwa umefungwa. Mutihani niliufanya mwaka uliofuata.

Siku majina yaliposomwa kwenye radio, Monique alikuwa amefaulu. Majirani wakamumwagia poudre, poda nyeupe, kichwani, kama tunavyowafanyia wote wanaofaulu. Akaikusanya kwa mikono miwili, akanimwagia minye mbele yao.

Sikunawa. Nilipanda baiskeli mpaka mujini nikiwa mweupe vile vile. Watu wasionijua wakanipa mukono wa pongezi, "Félicitations", na minye nikapokea.

Kambo yako