Lafudhi ya Fisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shangazi ameniambia umeanza tena kubeba ndoo mwenyewe, nikakasirika huku niliko. Mimi mwili haujambo, ila nimefura kwa hasira, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu.

Uliuliza kazi yangu ya katuni inaendaje. Ni filamu ya nyimbo, ya wanyama. Swala na wenzake wanamfukuza fisi mtoni kwa sababu tu ni fisi, kisha wanajuta, wanakunywa naye maji na kuimba kwamba sote ni sawa. Nilipoisoma nililia. Nikaomba kuimba sauti ya swala. Mwongozaji akanisikiliza, akasema sauti ninayo, lakini kwa lafudhi ile ya kwetu nitamfaa fisi, watoto watacheka nikifungua mdomo tu. Mpiga kinanda, ambaye hakuulizwa, akaongeza kwamba hata mwizi na mlevi wa filamu hiyo wametafutiwa waimbaji wa kwetu. Nikakubali, maana kazi nilikuwa naitaka.

Basi nikamwimba huyo fisi kwa lafudhi yetu yote, ile unayotumia kunigombeza. Jana tukafika wimbo wa mwisho, pale anapokubaliwa. Mwongozaji akasimamisha muziki, akasema hapo sasa niimbe vizuri, kama swala, ili watu waone fisi amebadilika. Nikamuuliza, kama wote ni sawa, abadilike ya nini? Akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba nisifanye mambo yawe magumu, na kwamba kipande hicho anaweza kumpa mwingine.

Nilitaka kutoka na kuubamiza mlango. Nikaimba. Tena nikaimba mara moja tu bila kurudia, wakanipigia makofi. Wakashangaa nimejifunza saa ngapi. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa, mama, kwa sababu sikujifunza jana.

Mwezi uliopita ulipiga simu, akapokea binti mmoja anayeongea kwa madaha, ukamwomba radhi ukidhani umekosea namba. Hukukosea. Nilikuwa nakula na wenzangu wa studio, nikaona haya kukuitikia kikwetu mbele yao. Ni mimi niliyekuambia hakuna shida, nikakuacha ukate.

Nisalimie shangazi, na mjomba mwambie namkumbuka. Jumapili nitakupigia, wenzangu wawepo wasiwepo. Ukisikia tena sauti ya yule binti, usikate, mama. Nigombeze.

Ni mimi,
kitindamimba wako.