Ile Sauti ya Juu

Jumamosi, 4 Mei 2013. Lodwar
Saa nane kamili, kipindi changu cha redio hewani. Waimbaji wanawake, saa nzima, mwaka wa tatu sasa. Nimecheza wimbo wa yule mama Mmarekani wa zamani anayekawia nyuma ya ngoma, kana kwamba ngoma ndiyo itakayomsubiri. Zamani nilikuwa nafumba macho. Leo nimetazama saa ya ukutani. Tangu tumzike mama yangu kule Kaikor, Januari, nasikia sauti tu. Sihisi kitu.

Jumanne, 7 Mei
Meneja kaniita. “Akiru, watu wanataka vijana wa Nairobi. Hao mama zako wamezeeka.” Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Nikasema sawa. Zamani ningekasirika. Sikukasirika.

Alhamisi, 9 Mei. Kakuma
Msikilizaji mmoja wa kambi ya wakimbizi alinipigia wiki jana: jirani yake aliwahi kuimba kwenye kanda. Nimemfuata. Mama Zawadi, Mkongo wa Bukavu. Anakaanga maandazi mbele ya nyumba yake. Aliitikia nyuma ya bendi miaka kumi na moja.

Akautaja wimbo mmoja. Naucheza karibu kila mwezi. Naupenda tangu sekondari, si kwa sababu ya yule mwanamume aliye kwenye jalada. Ni ile sauti ya mwanamke inayopanda juu yake mwishoni na kumwacha chini.

“Ile ya juu ni mimi,” akasema. “Jina yangu haikuandikwaka hata siku moja.”

Sikumwamini. Akaimba palepale, unga mikononi. Ilikuwa yenyewe. Inakwaruza kidogo sasa, lakini inapanda vilevile, bila haraka, bila kuomba ruhusa. Nywele za mkono zilinisimama. Moyoni kimya. Nimemrekodi.

Jumamosi, 11 Mei. Lodwar
Nimeanza na ule wimbo wa kwenye kanda, halafu nikaleta sauti ya Mama Zawadi niliyoirekodi juzi. Nikalitaja jina: Zawadi Nabintu. Mara tatu, polepole, watu walishike. Meneja akaja kusimama nyuma ya kioo. Hakunizuia. Simu ziliita mpaka kipindi kikaisha. Mtu wa Lokitaung aliuliza kanda yake inauzwa wapi. Nikamwambia hana kanda.

Nilizima maikrofoni. Meneja akasema kipindi kilikuwa kizuri. Uamuzi ni uleule.

Jumamosi, 18 Mei
Nyumbani. Saa nane redio ya jirani ikaanza nyimbo za vijana wa Nairobi. Nikafunga dirisha. Joto.

Mama Zawadi akapiga simu. Nilidhani ataongea habari za kipindi. Kidogo tu: majirani sasa wanamwita kwa jina lake lote, hata wakija kununua andazi moja. Halafu akauliza, “Mwanangu, umekula?”

Nikasema bado. Tangu jana, kwa kweli.

“Basi kula. Nitangoja.”

Kulikuwa na ugali wa jana na maharagwe. Nikaiweka simu mezani, spika wazi. Nilisikia mafuta yake yakichemka. Nikala mpaka sahani ikabaki tupu.