Hakukuwa na Maji Nyuma Yangu

Wifi yangu Hawaye,

Utanicheka, najua. Mimi niliyekuwa nikikuomba tupumzike kila tulipobeba ndizi kutoka shambani, sasa nakimbia. Nimenunua viatu vya mitumba Garsen, kimoja kinanibana kidole. Mwalimu wa shule yetu alisema watu wa mjini huchanga haraka wakiona mtu anajitesa. Basi Jumamosi nitakimbia kutoka Hewani hadi Garsen, na kitakachopatikana kiende kwa wenzetu waliopoteza nyumba siku mafuriko yalipokuchukua. Bado wanalala kwenye mahema kando ya barabara, Wifi, na mahema yenyewe sasa yamejaa matundu. Wakubwa walipiga picha na magunia ya unga, wakaenda zao.

Wiki iliyopita nilianza mazoezi juu ya tuta la kuzuia mto, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Mbio zenyewe, hata kuku angenipita. Mama Buya, yule jirani yako, akaniona akiwa kwenye mpunga wake. Alitupa jembe, akambeba mtoto, akapiga yowe, na watu wote wakaanza kukimbilia tuta. Vijana wa Kiorma waliokuwa wakinywesha ng'ombe wakawageuza kuelekea nchi ya juu. Nikapaza sauti wasimame. Wao wakadhani nawahimiza. Nilisahau kwamba huku kwetu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, ni maji au ni vita.

Bibi mmoja aliteguka mguu. Niliona aibu mpaka nikataka kuvitupa vile viatu mtoni.

Lakini chai niliyoiacha jikoni ilikuwa haijapoa, na kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta. Kizima, Wifi. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Waliofungulia maji ya mabwawa huko juu walijua. Walio ofisini walijua. Na hawakutuma hata mtu mmoja. Wewe ulirudi kuwafungua mbuzi ukidhani ni mvua tu. Ungeambiwa, leo ungekuwa hai, nami nisingekuwa naandika upuuzi huu wa barua.

Kesho yake afisa wa mambo ya maafa akaja na gari, mara ya kwanza tangu tukuzike, kunikanya barazani. Eti nazua hofu. Eti nikitaka mchango, nitembee. Nilisimama.

"Mimi nimekimbia bila maji, ukaja," nikamwambia. "Maji yalipokuja, nani kwenu alikimbia?"

Akatoa simu yake, akaiangalia. Mama Buya ndiye aliyekata shauri. Jumamosi nijifunge leso nyekundu kichwani, watu wajue ni mchango. Siku wakiniona nakimbia kichwa wazi, wasiulize, wapande tuta. Vijana wa Kiorma wakakubali, wakasema watawafikishia wazee wao.

Watoto wako wako kwangu. Mdogo hulala ameshika kanga yako, na sijathubutu kuifua. Nimekasirika hivi kwamba hata kukulilia sijamaliza.

Kwaheri, Wifi. Jumamosi ikipita, mazoezi sitayaacha. Hao wa ofisini hata safari ijayo hawatatuma mtu. Nakuahidi, mtu huyo nitakuwa mimi.